Nyumba Inauzwa, Mwenyewe Yumo

London, Jumapili, 23 Januari 2011

Bi Solange mpendwa,

Kwanza niambie kama umeamka salama. Siulizi kwa adabu tu. Jana nilisimama mbele ya picha ya nyumba yako, imebandikwa ubaoni katika ukumbi mmoja mkubwa magharibi mwa London, na watu nisiowajua walikuwa kando yangu wakijadili utakufa lini.

Nikueleze kwa mpangilio, kama kazi ilivyonizoeza. Mhariri alinituma kwenye maonyesho ya maisha ya Kifaransa na nyumba za Ufaransa. Hufanyika mwanzo wa mwaka, wakati mvua imewachosha Waingereza na kila mtu anajiona anastahili kuishi mahali pengine. Unalipa mlangoni, unapewa mfuko wa karatasi, unaingia, na ndani unakuta Ufaransa ambayo wewe hujawahi kuishi. Mpiga kodiani alikuwa amevaa kofia bapa na skafu nyekundu. Nilipomhoji akaniambia kwao ni Leeds, hukuhuku Uingereza. Lavenda ilikuwa ya plastiki, wakaipulizia manukato. Jibini ilikatwa vipande vidogo vya kuonja, na watu wazima wenye magari yao nje walikuwa wakisukumana kwa viwiko kuifikia. Mwanamume mmoja alisomesha namna ya kumsalimia meya wa kijiji chako kipya. Hakuna aliyeuliza kama meya anataka kusalimiwa.

Mwisho kabisa wa ukumbi, baada ya wauza mabwawa ya kuogelea, kulikuwa na banda la viager. Dalali, Mfaransa aitwaye Maurel, alikuwa akiwaeleza mume na mke wa makamo.

"Mnatoa kitita cha mwanzo, sisi tunakiita shada la maua. Halafu mnamlipa bibi kila mwezi. Yeye anaendelea kukaa. Siku akiondoka, nyumba ni yenu."

"Akiondoka kwenda wapi?" mke akauliza.

Dalali akatazama dari. Wakaelewa.

"Kwa hiyo yumo ndani?"

"Yumo, mama, lakini si wa milele. Akienda mwakani, mmeokota. Akifika mia, mmeliwa."

"Themanini na nne. Malcolm, hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Nzuri, mpenzi. Kwetu sisi, nzuri."

"Na moyo?"

Dalali akagonga kifua chake kwa kidole, mara kadhaa, polepole, kisha kidole akakisimamisha hewani. Wakacheka wote watatu.

Nilisogea kuona wanacheka nini. Bomba la moshi limepinda vilevile kama nilivyoliacha. Chini ya picha wameandika: "Mwanamke, miaka 84, mjane, hana watoto, moyo dhaifu. Nyumba ya mawe, kisima, bustani, inatazama bonde." Moyo wako umetajwa kabla ya kisima, kama sehemu ya vifaa.

Nimeripoti vita viwili na mazishi mengi, Bi Solange, na sikumbuki lini nilitoka mahali nikiwa na kichefuchefu namna ile. Niliishi chini ya paa hilo mwaka mzima nilipokuwa nafundisha Kiingereza pale mjini. Kama mpwa wako Didier ndiye aliyekupanga kwenye ubao ule, niambie. Nitaandika.

Wako,
Gillian


Saint-Clair-les-Noyers, 1 Februari 2011

Gillian mwanangu,

Nimeamka salama, leo na jana. Asante kwa kuuliza. Theluji imefika kwenye kizingiti na Bernadette, yule binti anayenisaidia, ameifagia kwa ufagio wa jikoni, ameuharibu.

Kuhusu hiyo picha, nyumba za mawe ni nyingi, na mabomba yote ya upande huu yamepinda kwa ajili ya upepo. Huenda umeiona ya mtu mwingine. Usihangaike na mambo ya ukumbini. Andika kuhusu huyo Mfaransa wa Leeds, watu watacheka.

Jumapili nina wageni wa chakula cha mchana. Nitapika sungura.

Didier amekuja kunitembelea. Amekaa hapa mezani mbele yangu, anasubiri nimalize ili aipeleke barua posta. Anakusalimu.

Mimi,
Solange Peyrat


London, Jumatatu, 14 Februari 2011

Bi Solange mpendwa,

Nimekuelewa. Mtu anayeandika huku amesimamiwa huandika kama ulivyoandika. Nimewahi kupokea barua za aina hiyo kutoka gerezani. Nyumba ile ni yako. Bomba lako nalijua kama pua yako. Na tangu lini Didier akanisalimu?

Makala imetoka jana, nusu ukurasa mzima. Nakuambatishia. Sikutaja jina lako, wala kijiji, wala wale wawili, isipokuwa jina moja walilotamka wenyewe. Nimeandika nilichokiona: jibini, kodiani, bomba la moshi lililopinda, kidole cha dalali kikisimama hewani. Mazungumzo nimeyaweka neno kwa neno. Nimesema kwamba kuna Waingereza wanaovuka bahari kwenda kukaa kando ya kitanda cha mtu mzima wasiyemjua, na kwamba wanapomtumia kadi ya heri ya mwaka mpya, wanaongopa.

Barua za wasomaji zimeanza kufika tangu asubuhi. Wengi wanasema walitapika. Mhariri amefurahi.

Kama Didier anakulazimisha kuuza, sasa atajua kuna macho yanamtazama.

Wako,
Gillian


Reading, 19 Februari 2011

Bi Gillian Tranter,

Mimi ndiye "Malcolm, hiyo ni nzuri au mbaya". Jina langu la pili ni Haddow, ingawa hukuniuliza. Nilifundisha watu kuendesha magari kwa miaka yangu yote ya kazi, na mke wangu Prue alikuwa mpishi wa shule. Dada yake Prue alisoma makala yako kanisani, akatutambua, akatupigia simu akicheka. Hakujua kwamba kulikuwa na jambo la kutochekea.

Sikatai maneno. Nilisema nzuri. Mtu akinunua kitu anauliza kama ni kizuri au kibaya. Tulicheka pia, ni kweli. Yule dalali alikuwa na namna yake na sisi tulikuwa na aibu, na ukiwa na aibu unacheka.

Lakini ulikuwa na kalamu na miguu miwili, ungeweza kutugeukia ukauliza. Tungekuambia kwamba mama yake Prue alimalizia maisha yake katika makao ya wazee, ambako walimwita kwa jina la mgonjwa mwingine mpaka mwisho. Tulipoelezwa kwamba Ufaransa kuna mpango ambao mtu mzima anabaki kwake na hela inaingia, Prue alisema hiyo ni mara ya kwanza anasikia biashara ya nyumba isiyomtoa mtu nje.

Jumapili ile ya tarehe sita tulikula kwa Bi Peyrat. Alitupikia sungura. Prue aliosha vyombo naye, hawaelewani lugha, walikuwa wanaonyeshana masufuria. Mimi nilipima ukuta wa bafuni ili nimwekee chuma cha kushikilia, kwa maana alianguka Novemba. Alituomba kitu kimoja, kupitia kwa dalali: mtu yeyote kijijini asijue mpaka mkataba utiwe sahihi, hasa mpwa wake.

Tumejitoa. Sikujitoa kwa sababu ya dada wa Prue. Nimejitoa kwa sababu Prue anasema sasa kila akimfikiria yule bibi anasikia maneno yako kichwani, na hawezi kumwandikia hata kadi bila kujiona mwongo. Umemtia uchafu asiokuwa nao. Au alikuwa nao kidogo, kama kila mtu, na ulikuwa umekaa mahali pake.

Sitaki unijibu.

Malcolm Haddow


Makao ya wazee, mjini, 9 Machi 2011

Gillian,

Barua zako zinaletwa hapa siku hizi, kwa hiyo zitume hapa. Chumba cha ghorofa ya pili. Dirisha linatazama mahali wanapoegesha gari la kufulia.

Nitakuambia sasa mambo ambayo sikuweza kuyaandika nikiwa nimekodolewa macho.

Nilianguka Novemba. Sikukuambia kwa sababu ungekuja na uso wako wa hospitali. Daktari alisema sitakaa peke yangu tena bila mtu wa kunisaidia, nikamwajiri Bernadette. Akiba ikawa inayeyuka. Didier alikuwa ameshatafuta nafasi hapa, ameshaambiwa na wenzake kwamba nyumba ile ikipakwa rangi inafaa watalii. Kila alipokuja alikuwa anagonga kuta kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji. Mtoto wa kaka yangu! Basi nikajiuza kwa viager. Ndiyo, mimi. Hakuna aliyenipanga kwenye ubao. Nilimwita yule Maurel mwenyewe, nikamwambia: Usiniuze hapa, niuze London, mbali, hapa maneno yanafika kwa Didier kabla mkate haujapoa. Picha aliipiga kwa kificho siku Didier akiwa sokoni.

Na hiyo "moyo dhaifu" niliiweka mimi. Moyo wangu ni mzima, daktari anaushangaa. Lakini moyo mzima hauuzi.

Wewe ukaona mzee aliyeonewa. Hapa kwetu hakuna anayeshangaa viager. Mwokaji mikate wetu alipata duka kwa njia hiyo, na alimbebea kuni mzee aliyemwuzia miaka mingi, wakitukanana kila asubuhi. Mtu anajua anasubiriwa na anajua na nani. Wewe uliona nyama sokoni kwa sababu kwenu watu hufa kwa siri, warithi wakijifanya hawajui.

Didier alisoma makala yako. Mwalimu wa Kiingereza wa mtoto wake ndiye aliyempelekea, bomba la moshi likawatosha. Akaja akanitafsiria jikoni kwangu, anatia chumvi. "Shangazi, hata Waingereza wanaona kinyaa!" Siku zilezile Maurel akaleta habari kwamba wale wawili wamejitoa. Yule mama aliosha sufuria zangu vizuri. Mwisho wa mwezi sikuwa na cha kumpa Bernadette. Didier akaleta gari, akasema ni kwa majira ya baridi tu, na nilipokuwa navaa koti nikamsikia akimwuliza fundi kwenye simu kuhusu rangi.

Hapa wananiita "bibi kadogo". Wananifunga kitambaa shingoni wakati wa kula, niwe nimemwaga au sijamwaga. Supu inanuka dawa ya sakafu, na sakafu inanuka supu. Televisheni haizimwi, watu wamepangwa mbele yake kama viatu. Jana msichana mmoja alinipiga busu kwenye paji la uso bila kunijua jina, nikajifuta mbele yake.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayauza nisiyapate.

Solange Peyrat


London, 14 Machi 2011

Bi Solange,

Nimesoma barua yako na ya Bwana Haddow, nimeziweka pamoja. Niliandika niliyoyaona na sikuuliza niliyopaswa kuuliza. Mwandishi mwanagenzi angefokewa kwa hilo. Sitakuandikia kurasa za majuto, hazitakutoa hapo.

Nimefanya yafuatayo. Nimewapigia simu akina Haddow. Prue alipokea, akasikiliza, akaweka simu chini taratibu. Nimempata Maurel. Anasema baada ya makala wateja wake wote wa London wanaogopa kuonekana bandani kwake, na kwamba nisimpigie tena. Makala haiwezi kufutwa kwa sababu haina kosa la neno hata moja. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta.

Nina akiba niliyoiweka kwa siku nitakapoacha gazeti. Nitamlipa Bernadette kila mwezi. Rudi kwako wiki hii.

Gillian


Makao ya wazee, 20 Machi 2011

Gillian mwanangu,

Nimekuita mwanangu tena kwa sababu hukulialia.

Lakini hapana. Sadaka siipokei. Sadaka unaitoa mwezi huu umeguswa, mwezi ujao una jino linalouma, mwezi wa tatu una mhariri mpya, na mimi nitakuwa nakuandikia barua tamutamu kukukumbusha. Nimeona wazee hapa wanavyowachekea wajukuu wao Jumapili. Sitaki kucheka hivyo, mdomo wangu haukuumbwa kwa kazi hiyo.

Nunua. Shada la maua mwanzoni, dogo, posho kila mwezi, na nikifa nyumba ni yako. Kwa wakili, na mhuri. Hapo nitakudai bila kukuambia asante, na ukichelewa nitakushtaki.

Nakuambia na ukweli ambao wale hawakuambiwa: moyo ni mzima, mama yangu alifika miaka tisini na sita, na nina hasira, ambayo inasemekana inarefusha. Kwako ni biashara mbaya.

Solange


London, 2 Aprili 2011

Bi Solange,

Siwezi.

Nimejaribu kuliangalia jambo hili kama mtu mzima. Tatizo halihusu fedha. Nikitia sahihi, kuanzia siku hiyo kila baridi utakayoipata itakuwa na faida kwangu. Ukiniandikia kwamba umekohoa, nitasoma sentensi hiyo mara mbili, na mara ya pili sitakuwa nasoma kama rafiki. Najua watu walivyo, nimeishi kwa kuwaandika. Sijioni kuwa tofauti nao.

Na kuna jambo jingine, niliseme. Uliwauzia akina Haddow moyo mgonjwa ambao haupo. Wangekulipa shada kubwa kuliko haki yako, wakuwekee chuma bafuni, wangoje, wangoje, na wewe ungekuwa jikoni unacheka. Nilidhani katika habari hii kuna mtu mmoja msafi. Simwoni.

Chukua fedha zangu kama zawadi. Ziite unavyotaka.

Gillian


Makao ya wazee, 8 Aprili 2011

Gillian,

Ndiyo, ningecheka. Na wao walicheka bandani, wakigongewa kifua. Tungekuwa sawa.

Wiki hii mezani kwetu amekufa Bwana Lascaux, aliyekuwa akikaa mkabala nami. Mwuza saa. Asubuhi kiti kitupu, mchana kimekaliwa na mama mmoja kutoka Tulle, wamemfunga kitambaa kilekile cha Bwana Lascaux, kina doa la biti, kile kiazi chekundu, upande wa kushoto. Nililiona doa likiwa jekundu bado. Nikaacha kula. Msichana akaniuliza, "Bibi kadogo hapendi biti leo?"

Wewe una kinyaa. Sawa. Kinyaa chako kimeoga, kinakaa London, jioni kinakwenda kula mahali penye vitambaa vyeupe. Changu kimefungwa shingoni.

Hutaki kujiona unanisubiri nife. Kwa hiyo mimi nikae hapa ili wewe ujione vizuri? Didier naye hasemi kwamba ananisubiri. Anasema ananipenda. Tayari ameleta mafundi kupima madirisha.

Usinijibu kwa barua. Njoo na wakili, au usije.

Solange Peyrat


London, 23 Mei 2011

Bi Solange,

Nimefika salama. Nakuandikia kabla ya kufungua begi.

Wakili wako anasoma mkataba kama kasisi aliyechelewa chakula. Nilisikia kila neno: jina lako, umri wako, kisima, bustani. Halafu akaniangalia juu ya miwani na kuniuliza, kama sheria inavyotaka, iwapo nafahamu kwamba muuzaji anaweza kuishi muda mrefu kuliko inavyotarajiwa. Nikasema nafahamu. Ukasema kwa sauti, "Aandike hapo kwamba nakusudia." Hakuandika.

Nilidhani nikishatia sahihi nitajisikia nimelipa kitu. Wacha nikuambie kilichotokea. Kwenye treni ya kurudi alikaa karibu yangu mwanamke Mwingereza, mchangamfu, mfuko wake una jibini. Akaniuliza nilikuwa Ufaransa kwa likizo? Nikamwambia nimenunua nyumba. "Jamani, hongera! Iko tayari kuhamia?" Nikamwambia mwenyewe yumo. Akainamisha kichwa kando, na kwa sauti ya chini akauliza, "Ana miaka mingapi?"

Nikamjibu. Na kabla hajafungua mdomo tena, nilikuwa nimeshapiga hesabu. Ilipigwa yenyewe: miaka tisini na sita ya mama yako, kutoa umri wako, na mimi nitakuwa na umri gani, na kama ngazi zile nitaziweza. Nililipata jibu haraka kuliko ninavyopiga hesabu ya nauli. Kisha nikaanza kufikiria rangi ya madirisha.

Nikaenda chooni nikasimama pale mpaka steshini iliyofuata. Sikutapika, ingawa ingefaa. Nilijiangalia kwenye kioo, na aliyekuwa mle alikuwa mtu wa kawaida tu anayefikiria madirisha.

Nakuambia kwa sababu ulitaka mkataba bila uongo. Posho ya kwanza imeshatumwa.

Gillian


Saint-Clair-les-Noyers, 2 Juni 2011

Gillian mwanangu,

Umepiga hesabu. Nilijua. Wakili akisoma, ulikuwa unatazama mikono yangu, hasa hii ya kulia inayotetemeka. Mimi nilikuwa natazama kifua chako. Siku ulizolala nyumbani kwangu kwa ajili ya sahihi mimi sikuwepo, lakini Bernadette alikuwepo, na ameniambia unavyokohoa ukiamka, na kwamba ulivuta sigara kwenye dirisha la nyuma ukidhani umejificha. Nikamwuliza wakili: huyu akitangulia, nani ananilipa? Akasema warithi wako. Je, unao? Tafuta mtu, mweke sawa. Siwezi kuhangaika tena kwenye maonyesho.

Madirisha hayapakwi rangi. Yatabaki na rangi yake mpaka nitoke. Ukitaka kuwaza kitu, waza paa. Upande wa ghalani linavuja.

Nililetwa Jumatatu na mwokaji mikate kwa gari lake la kazi, kwa kuwa Didier alikuwa "na shughuli". Makaoni walitaka kunipiga picha ya kuniaga. Niliwakatalia. Bernadette alikuwa amewasha jiko. Ndani palinuka panya na majivu na koti langu la zamani, nikakaa na kulinusa hilo koti kama mwendawazimu.

Jana Didier akaja. Hakuingia, alisimama kizingitini, uso umeiva.

"Shangazi, umeiuza nyumba ya ukoo kwa Mwingereza anayesubiri ufe!"

"Sasa wewe ulikuwa unasubiri nini?"

"Mimi ni damu yako!"

"Wewe ulikuwa unasubiri bure. Yeye analipa."

Akagonga ukuta kwa vidole, nadhani kwa mazoea, kisha akashtuka akauondoa mkono kama umeungua. Akaenda kwenye gari lake. Hakunibusu, nami sikuona haja.

Alipoondoka nilifunga mlango kwa ufunguo, mchana kweupe. Kule makaoni milango haifungwi. Anaingia yeyote, wa dawa, wa shuka, wa kuuliza kama umekwenda haja, anaingia hata ukiwa umekaa chooni. Nikavuta kiti, nikakaa nikikitazama kitasa. Baada ya muda kikazunguka. Kikazunguka tena, kwa nguvu zaidi. Alikuwa Bernadette na mkate, naye ana haraka zake.

Nilimwacha azungushe kidogo.

Solange Peyrat